Anachokiona dereva wa soda kabla ya mzazi

Saa 11 alfajiri, wakati kina mama wengi wa Korogwe wanatafuta kiberiti wawashe jiko, lori la soda linakuwa limeshatoka. Kreti zimepangwa hadi juu na kukazwa kamba. Dereva yuko kwenye usukani, utingo pembeni yake anamalizia usingizi. Njia ni ile ile siku sita za wiki: barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hadi Mombo, kisha kukata kulia na kupanda mlima kupitia Soni hadi Lushoto. Siku nyingine lori linasogea mbele zaidi, kwenye vijiji ambako lami haijafika. Jioni linarudi na chupa tupu.

Dereva ana miaka 50 na kitu, watoto wanne na mjukuu mmoja. Jina lake hataki liandikwe gazetini. Kazi ni ya watu, anasema. Amepita njia hiyo miaka mingi kiasi kwamba anajua siku ya kliniki bila kuangalia kalenda. Asubuhi hiyo kina mama wanatembea kwa msururu, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi, kadi imechomekwa kwenye pindo la kanga. Januari anaijua kwa sweta za shule: zote mpya, zote kubwa, mikono imekunjwa mara tatu kwa sababu zimenunuliwa zidumu hadi darasa la tatu.

Kuna jambo jingine analijua ambalo wazazi wa watoto hao hawalijui, na si kosa lao. Mzazi anamwona mtoto akitoka mlangoni. Mwalimu anamwona akiingia darasani. Kati ya mlango na darasa kuna kilomita mbili, tatu, wakati mwingine tano, na anayemwona mtoto katika kilomita hizo ni mtu aliyekaa kwenye usukani.

Dumu kichwani, gari mgongoni

Watoto wa kwanza huonekana kabla jua halijatoka, kwenye kipande cha barabara kuu kinachopita katikati ya mashamba ya mkonge. Kila mmoja amebeba kitu. Dumu la maji la lita tano kichwani, fagio la chelewa kwapani, kuni mbili tatu za uji wa shule, na madaftari. Mtoto mwenye dumu kichwani hageuzi shingo. Akitaka kutazama nyuma anageuka mwili mzima, na mwili ukigeuka miguu nayo inasogea, mara nyingi kuelekea kwenye lami.

Na karibu wote wanatembea upande wa kushoto, magari yakiwatokea mgongoni. Hili ndilo dereva angependa wazazi walisikie kwanza. Kwa kuwa magari Tanzania yanapita kushoto, mtu anayetembea kushoto anafuatwa na gari asiloliona. Akihamia kulia, gari la upande wake linakuja uso kwa uso, na likiyumba ana nafasi ya kuruka mtaroni. Kanuni hii si ngeni. Tatizo ni kwamba mtoto hatembei kwa kanuni, anatembea upande ambao mama na dada yake hutembea, na mama na dada hutembea upande ambao nyumba ipo. Penye kinjia cha miguu ng'ambo ya mtaro, hicho ni bora kuliko pande zote mbili za lami, hata kama kina umande na kinachafua soksi.

Barabara hii imenyooka, na barabara iliyonyooka inamshawishi dereva akanyage. Vijijini kuna vibao vya 50. Nje ya hapo lori kubwa linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda mita 22 kila sekunde, yaani zaidi ya urefu wa madarasa mawili, na sekunde moja ndiyo ambayo dereva aliye makini huitumia kuona hatari na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Breki zenyewe hazijaanza kazi. Gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama kutoka mwendo wa 80. Kwa mwendo wa 50 linahitaji karibu nusu ya hapo. Lori lililojaa soda linahitaji zaidi, na mvua ikinyesha ni zaidi tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu namba moja ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si malaria, si UKIMWI. Mzazi ambaye hakosi kumfunika mtoto kwa chandarua usiku anaweza kuwa hajawahi kutembea naye hata mara moja kwenye njia ya shule.

Bodaboda za mishikaki nazo zipo. Dereva amezoea kuona pikipiki moja ina wanafunzi wanne, mdogo kuliko wote amekaa mbele kwenye tangi, mikono imeshika vioo, kichwa kitupu. Kwa haraka ya asubuhi inaonekana ni msaada. Pikipiki ikifunga breki ghafla, yule wa mbele hana kinachomzuia isipokuwa usukani, na watatu wa nyuma wote wanamlalia. Mzazi anayelipia safari hiyo kwa mwezi ndiye mwenye sauti ya kusema wapande wangapi, na ni ajabu jinsi wachache wanavyoitumia.

Sweta nyeusi kwenye ukungu

Kuanzia Mombo njia inabadilika. Ni kilomita 30 na ushee hadi Lushoto, nyembamba, kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande mwingine. Mwendo unashuka, honi inapigwa kila kona. Mei hadi Agosti kuna baridi na ukungu, na asubuhi nyingine dereva haoni mbali kuliko pua ya lori na nguzo mbili za umeme.

Hapo ndipo anapozilaani sweta. Mashati ya shule ni meupe na yanaonekana, lakini yamefunikwa na sweta ya bluu iliyoiva, kijani iliyoiva au rangi ya damu ya mzee, rangi ambazo kwenye ukungu zinafanana na jabali lenyewe. Anachokiona kwanza ni soksi nyeupe zinazotembea bila mwenyewe. Kuna mtoto mmoja tu anayemwona kutoka mbali. Bibi yake alimshonea begi la shule kwa mfuko mweupe wa salfeti, na lile begi linang'aa mgongoni kama taa. Wenzake wanamcheka. Dereva anasema angekuwa na uwezo angewanunulia wote mifuko ya salfeti.

Kola nyeupe ikitolewa juu ya sweta inasaidia. Kitambaa cheupe kilichoshonwa kwenye begi kinasaidia zaidi. Utepe unaong'aa, kama ule wa fulana za mafundi wa barabara, ukipatikana unasaidia kuliko vyote, na kipande cha upana wa kiganja kinatosha.

Ilikuwa asubuhi kama hiyo, mwezi wa saba, kwenye kona moja kati ya Soni na Lushoto. Lori lilikuwa linapanda kwa kilomita 30 kwa saa au pungufu. Watoto wanne walitokea mbele, wakavuka wakikimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Watatu wakubwa, mmoja mdogo nyuma yao, miaka sita au saba. Dereva alipunguza mwendo, akasubiri, wakafika ng'ambo wote. Akapumua, mguu ukarudi kwenye mafuta.

Yule mdogo akageuka. Ndala yake moja ilikuwa imebaki katikati ya lami.

Hakutazama kushoto wala kulia. Alitazama ndala. Alirudi kuichukua kwa mwendo wa mtu anayerudi jikoni kuchukua kijiko, akainama. Dereva alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, kreti zikapiga mwereka nyuma, utingo akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Lori liliposimama, kati ya bampa na mtoto palibaki nafasi ya kreti mbili. Mtoto aliokota ndala, akalitazama lori mara moja, akakimbia kuwafuata wenzake bila hata kuivaa.

Dereva alishuka akakaa juu ya jiwe. Mikono ilimtetemeka hadi utingo akamwashia sigara, naye aliacha sigara miaka kumi iliyopita. Thamani ya chupa zilizovunjika ilikatwa kwenye posho yake mwisho wa mwezi. Kwa siku kadhaa baadaye, anasema, akifumba macho alikuwa anaiona ile ndala, ya bluu, imelala juu chini.

Kwa nini hakutazama

Mtu mzima akisimuliwa kisa hicho husema mtoto ni mtundu, hasikii. Si hivyo. Mtoto wa umri huo anaposhughulishwa na kitu kimoja, vingine vyote vinazimika, hata lori. Anaweza kuikariri kanuni ya kutazama kulia, kushoto na kulia tena mbele ya mwalimu bila kukosea, na dakika tano baadaye asiitumie kwa sababu mpira umedunda ng'ambo.

Hata akitazama, macho yake hayampi taarifa ambazo macho ya mzazi yanampa mzazi. Watafiti wa Uingereza waliowapima watoto wa shule ya msingi walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliona kuwa watoto hao hawawezi kutegemewa kutambua kama gari linasogea iwapo linakuja kwa zaidi ya kilomita 32 hivi kwa saa na bado liko umbali wa sekunde tano. Kwa maneno mengine, mtoto anaweza kulitazama lori linalokuja, akaliona kama limesimama, akavuka akiwa na uhakika kabisa. Uwezo wa kupima mwendo na umbali kwa pamoja hukomaa polepole, na mtoto wa darasa la kwanza au la pili bado hana. Kumwambia "angalia magari" ni kumpa kazi ambayo ubongo wake haujafika.

Ndiyo maana wa awali na madarasa ya chini wanahitaji mkono wa mkubwa wakati wa kuvuka. Kaka wa darasa la sita anafaa, akishaelezwa kwamba kazi yake ni kushika kifundo cha mkono, si kidole, na kwamba yeye ndiye anayetembea upande wa lami na mdogo upande wa mtaro.

Chupa zinazorudi

Dukani lori linapokelewa kama harusi. Watoto wanatoka kila upande, na wengi hawafuati soda, wanafuata vizibo. Vizibo ni magurudumu ya magari ya kuchezea, ni kete za drafti, na kwa darasa la kwanza ni vihesabio. Zamani dereva alikuwa anaviokota madukani na kuwarushia watoto kupitia dirishani. Alifurahi, nao walifurahi. Kisha akaona kwamba watoto wa njia nzima wameanza kukimbilia barabarani kila wakisikia mlio wa lori lake. Aliacha siku hiyo hiyo. Sasa vizibo anamwachia mwenye duka kwenye kopo, na wa shule anampelekea mwalimu.

Mzazi mwenye nyumba karibu na duka afahamu kitu kimoja. Aliyekaa kwenye kiti cha dereva wa lori hamwoni mtoto mdogo aliyesimama mbele ya bampa. Anaona kioo, boneti na mita kadhaa za barabara kuanzia mbele zaidi. Nyuma haoni kabisa, vioo vya pembeni vinaonyesha pembeni tu. Mtoto wa miaka mitatu anayechuchumaa kwenye kivuli cha gari kutafuta kizibo hayupo kwa dereva. Lori hili haliondoki dukani mpaka utingo alizunguke lote kwa miguu, ainame chini, ndipo agonge bodi mara mbili. Si malori yote yana utingo, na si matingo wote huinama. Gari la mizigo likisimama mlangoni, mahali pa mtoto ni ndani, au kiunoni mwa mtu.

Kazi ya pili dukani ni kukusanya chupa tupu, na hii ndiyo inayomuudhi utingo. Anazinusa. Mchana mmoja hauishi bila chupa mbili tatu kutengwa: moja ina harufu ya mafuta ya taa, nyingine ina mabaki meupe kama maziwa yaliyokauka chini. Lushoto ni nchi ya mboga. Kabichi, karoti, hoho na nyanya zinazoshuka kwenda Dar es Salaam zinapuliziwa dawa, na mkulima mwenye robo eka hanunui lita nzima. Anapimiwa kidogo, na cha kupimia ni chupa ya soda. Ikibaki, inakaa kwenye kona ya jiko au chini ya kitanda, na umbo lake mtoto analijua kuliko anavyojua kusoma. Kwake chupa ile ina maana moja tu, tena tamu.

Utingo akishainusa na kuitenga, chupa haina tena hatari. Ya hatari ni ambayo haijarudi dukani, bado iko nyumbani.

Dawa ya mimea ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, juu, pamefungwa, mbali na chakula. Mafuta ya taa yakae kwenye dumu, wala si kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Na ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe. Hapa wazazi wengi hukosea kwa nia njema, wanamwingiza kidole kooni au kumnywesha maziwa kwa nguvu. Mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia kwenye mapafu, na madhara ya mapafuni ndiyo yanayoua. Kama dawa imemmwagikia, avuliwe nguo na kuoshwa ngozi kwa maji mengi na sabuni. Kisha ni kituo cha afya mara moja, na chupa yenyewe au kifungashio cha dawa kibebwe, ili mhudumu ajue anapambana na nini. Mtoto anayetoa mate mengi, anayetokwa jasho, anayetapika, anayetetemeka au kupumua kwa shida baada ya kushika dawa ya shamba asisubiriwe hata kama hakuna aliyemwona akinywa.

Ndala ya elfu mbili na mia tano

Wiki mbili baada ya ile asubuhi ya ukungu, lori lilisimama kwenye duka moja lililo juu kidogo ya ile kona. Mama mmoja alikuwa amekuja kununua chumvi, mtoto amejificha nyuma ya kanga yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni wako?"

"Wangu wa tatu. Sijui siku hizi ana nini, kila akiona gari lako anajificha."

Dereva alimtambua kabla hajatazama sura. Alitambua ndala. Alisita, kwa sababu si kila mzazi anapenda kuambiwa jambo la mwanawe na mtu wa njiani, kisha akasimulia yote, pamoja na kreti mbili. Mama hakujua chochote. Mtoto alifika shuleni siku ile, akasoma, akarudi, akala, akalala. Wale watatu wakubwa nao hawakusema. Walijua wangeulizwa kwa nini walimwacha nyuma.

Mama alimvuta mtoto mbele.

"Kwa nini ulirudi barabarani?"

Mtoto alitazama miguu yake muda mrefu.

"Ulisema nikipoteza tena utanichapa."

Ilikuwa jozi ya tatu mwaka ule. Ya kwanza ilichukuliwa na maji, ya pili alisahau mtoni. Ndala ni elfu mbili na mia tano, na nyumba ile inaishi kwa vibarua vya kung'oa karoti na kubeba kabichi hadi barabarani. Fedha hiyo ni unga wa jioni. Mama alisema alichosema kama mama yeyote anavyosema, asubuhi, ana haraka, bila kukiwaza mara mbili. Alikaa juu ya kreti tupu na kwa dakika nzima hakuongea.

Si rahisi kumlaumu. Lakini hesabu ya mtoto ilikuwa sahihi kwa yale aliyoyajua. Lori hajawahi kuona likimfanya mtu chochote. Fimbo anaifahamu. Kati ya viwili alichagua kukwepa kile anachokifahamu. Dereva anasema tangu hapo amekuwa akitazama watoto wanarudi barabarani kufuata nini, na vyote ni vitu vya kuchapiwa: sarafu ya kununulia chumvi, kifuniko cha dumu, kofia ya kaka, daftari. Hajawahi kumwona mtoto akirudia ganda la muwa.

Kuna sentensi ambayo watoto wengi hawajawahi kuambiwa na mzazi: kikidondoka barabarani kiache, njoo uniambie, sitakuchapa. Kuisema ni sekunde kumi. Ngumu ni siku ambayo mtoto atakuja kweli bila ile shilingi elfu ya sukari, kwa sababu siku hiyo ndiyo ataamua kama ataiamini au la. Na ahadi hiyo inabidi iwafikie bibi, mjomba na dada wa kazi, maana mtoto anaogopa aliyemtuma, si aliyemzaa.

Mzazi anayeweza kupata asubuhi mbili atembee na mtoto hadi shuleni kwa mwendo wa mtoto, na mahali pa kuvukia achuchumae awe urefu wake. Atashangaa jinsi majani ya pembeni yanavyolificha gari zima. Wakubaliane mahali pamoja pa kuvuka, mbali na kona, si mbele wala nyuma ya gari lililosimama. Akishushwa na basi, asubiri liondoke kwanza. Wazazi wa kitongoji kimoja wanaweza kupeana zamu, mmoja akawapeleka wadogo kumi, wengine wakaenda shambani.

Mengine hayawezi kubebwa na mzazi peke yake. Tuta na kivuko mbele ya shule huombwa kupitia serikali ya kijiji, na barua ya kamati ya shule huenda TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa, TARURA kama ni ya wilaya. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi hiyo kwenye maeneo ya shule, kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta, hata kuhamisha lango ili watoto wasitokee moja kwa moja barabarani, na mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross Center mwaka 2019. Kuhamisha lango la miti la shule ya kijijini kutoka upande wa lami hadi upande wa uwanja ni kazi ya Jumamosi moja na misumari.

Jioni lori linashuka. Chupa tupu zinalia kwenye kreti kila kona, utingo amelala tena, watoto wanarudi wakiwa wametawanyika barabara nzima, wamechoka na wana njaa. Dereva anasema huo ndio muda anaouogopa kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi watoto wanaogopa kuchelewa na wanatembea kwa mstari, lakini jioni hakuna anayewasubiri kwa kengele. Ile kona anaipita kwa gia ya pili, awepo mtoto asiwepo.

Yule mdogo hajifichi tena. Juzi alikuwa upande wa kulia, amesimama kwenye majani, anasubiri lori lipite. Ndala ni zile zile za bluu, ila mama yake amezitoboa pembeni na kupitisha kamba ya katani nyuma ya kisigino, zimefungwa fundo mbili kila mguu.